Pufya riadhani: kipimo cha siku ya mbio, kipimo cha alfajiri, daftari la damu au marufuku ndefu? Kipi kipewe pesa kwanza

Tarehe 11 Oktoba 2021, jioni kwa saa zetu, wanawake watatu wa Kenya walifuatana kwenye utepe wa Boston Marathon. Diana Kipyokei aliongoza kwa saa 2:24:45. Edna Kiplagat alimfuata sekunde 24 nyuma, kisha Mary Ngugi. Edna alikuwa na miaka 41, umri ambao wenzake wengi wamekwisha kutundika viatu. Nilishangilia wote watatu kwa sauti moja.

Mwaka mmoja baadaye ikatangazwa kwamba sampuli aliyotoa Kipyokei siku ile ile ya mbio ilikuwa na mabaki ya triamsinoloni, dawa iliyoharamishwa wakati wa mashindano. Ushindi ukahamishiwa Edna. Ni haki, lakini ilikuja bila utepe kifuani, bila shada la maua, bila umati wa barabara ya Boylston kulitaja jina lake. Na kwa Edna haikuwa mara ya kwanza. Taji la msururu wa marathoni kubwa za dunia la 2013 na 2014 nalo lilimfikia kwa njia hiyo hiyo, baada ya Rita Jeptoo kunaswa.

Kila kashfa ya pufya, kama magazeti yetu ya Kiswahili yanavyoyaita matumizi ya dawa zilizoharamishwa michezoni, ikizuka tu, kelele mitandaoni huwa ni moja: wafungiwe maisha, watupwe jela. Mimi naona tunaanza na swali la mwisho. Pesa za kupambana na pufya hazitoshi kila kitu, na anayezigawa lazima achague. Basi nimeziweka njia hizi bega kwa bega na kila moja nimeiuliza jambo lile lile: inamsaidia nini mkimbiaji kama Edna, na inamsaidia lini, kabla ya mbio au baada ya mwingine kuondoka na bendera mabegani?

Siku ya mbio, au alfajiri kambini

Wengi wakisikia mtu kapimwa hufikiria kipimo cha siku ya mbio. Mkimbiaji anavuka mstari, anakabidhiwa msindikizaji asiyemwachia hatua moja, anaingizwa chumbani, anatoa mkojo mbele ya afisa wa jinsia yake. Mkojo unagawanywa katika chupa mbili, A na B, zenye vizibo visivyofunguka bila kuvunjwa. A hupimwa kwanza. B inangoja, ili mwanariadha akiyapinga majibu ifunguliwe yeye au mwakilishi wake akishuhudia. Hivi ndivyo Ben Johnson alivyonaswa Seoul mwaka 1988: mita 100 kwa sekunde 9.79, na siku tatu baadaye dhahabu imevuliwa shingoni kwa sababu ya stanozololi.

Njia hii ina faida mbili za kweli. Kila mtu anaiona na kuielewa, na ndiyo yenye meno dhidi ya dawa zinazokatazwa siku za mashindano tu. Triamsinoloni ni mojawapo. Hospitalini hutumika kutuliza uvimbe na maumivu ya viungo. Kwa mkimbiaji hupunguza uzito bila kupunguza nguvu. Kati ya 2021 na 2022 Wakenya kumi walipatikana nayo, na dunia nzima iliyobaki ilikuwa na kesi mbili. Hapo hapakuwa na bahati mbaya. Palikuwa na mtu au watu waliokuwa wakiigawa kama njugu.

Lakini mwizi naye ana kalenda. Tarehe ya Boston inajulikana mwaka mzima kabla, ya London vilevile, ya Olimpiki miaka minne. Itazame EPO, ambayo ndiyo mama wa kesi za mbio ndefu. Ni homoni inayouamrisha uboho wa mifupa kutengeneza chembe nyekundu zaidi za damu, zile zinazobeba oksijeni. Yenyewe hutoka mwilini kwa siku chache, na dozi ikiwa ndogo hutoka upesi zaidi. Chembe ilizozizaa huishi karibu siku 120. Kwa hiyo anayejidunga anafanya hivyo wakati wa mazoezi, anaacha mapema, kisha anapanga foleni ya chumba cha mkojo akiwa na mkojo safi na damu iliyojaa. Ukimngojea kwenye utepe umechelewa kwa mwezi mzima.

Sasa angalia majina yaliyotuvunja moyo, na utazame yalinaswa wapi. Jeptoo, aliyeshinda Boston na Chicago, alipatikana na EPO katika sampuli ya Septemba 2014 iliyochukuliwa nje ya mashindano. Jemima Sumgong, mwanamke wa kwanza wa Kenya kutwaa dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, hakunaswa Rio 2016. Alinaswa Februari 2017 hodi ilipopigwa bila taarifa. Asbel Kiprop, bingwa wa dunia wa mita 1500 mara tatu, alipimwa Iten Novemba 2017, msimu wa mbio ukiwa umelala. Ruth Chepngetich, aliyekimbia Chicago kwa 2:09:56 Oktoba 2024 na kuwa mwanamke wa kwanza chini ya saa mbili na dakika kumi, alikwama kwa sampuli ya tarehe 14 Machi 2025. Ndani yake mlikuwa na haidroklorothiazaidi, dawa ya presha inayoongeza mkojo na inayoweza kuficha dawa nyingine, kwa kiwango cha nanogramu 3,800 kwa mililita, wakati kikomo cha kuripoti ni 20.

Hawa wote hawakunaswa siku ya mbio. Na yupo wa tano anayeonyesha vizuri zaidi ninachokitafuta. Sampuli ya Lawrence Cherono ilichukuliwa Mei 2022, na siku moja kabla ya marathoni ya mashindano ya dunia kule Eugene akaondolewa kikosini. Ilikuwa aibu kubwa kwa Kenya, lakini wanaume waliokimbia asubuhi iliyofuata hawakuibiwa nafasi. Hakuna medali iliyohitaji kurudishwa kwa posta.

Kipimo cha alfajiri kina gharama yake, na anayebeba kubwa zaidi ni mwanariadha msafi. Aliye kwenye orodha ya wanaofuatiliwa lazima ajaze, miezi mitatu mbele, analala wapi kila usiku na atapatikana wapi kwa dakika 60 kila siku kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa tano usiku. Akikosekana au akikosea taarifa mara tatu ndani ya miezi 12, ni kosa hata kama hana tone la dawa mwilini. Elijah Manangoi, bingwa wa dunia wa mita 1500 mwaka 2017, alifungiwa miaka miwili kwa kosa hilo. Wilson Kipsang, aliyewahi kushikilia rekodi ya dunia ya marathoni, alipata minne kwa sababu juu ya kukosekana aliongeza maelezo na ushahidi wa uongo.

Nawaonea huruma wanaojaza fomu hizi kutoka vijijini. Mtandao unakatika, mvua inafunga barabara ya Marakwet, msiba unatokea usiku na mtu anapanda matatu kwenda matangani bila kukumbuka fomu. Hata hivyo mara tatu ndani ya mwaka ni nafasi ya kutosha kwa anayetaka kuonekana, na kambi yenye mtu mmoja wa kuwakumbusha wenzake kila jioni huondoa nusu ya balaa.

Udhaifu ulio mkubwa kuliko huo uko kwa aliyebeba chupa. Katika kesi ya Kiprop ilithibitika kwamba alijulishwa kabla maafisa hawajafika, na Kitengo cha Uadilifu katika Riadha, AIU, kilikiri jambo hilo hadharani. Kiprop mwenyewe alidai maafisa walimwomba pesa na akazituma kwa simu. Majaji hawakuona kwamba taarifa ile ya mapema iliitia dosari sampuli, naye akala miaka minne. Ila mimi hubaki nikijiuliza ni wangapi waliopigiwa simu wakapata muda wa kutosha. Kipimo cha kushtukiza kisichoshtukiza ni petroli iliyomwagwa bure. Ukiwekeza hapa, uwekeze pia katika kuwabadilisha maafisa, wa Eldoret wasipime Eldoret kila mwezi, na katika kuwalipa kiasi ambacho hongo ya elfu chache haitawatoa macho.

Kati ya hizi mbili, basi, kipimo cha alfajiri kinashinda kwa mbali. Cha siku ya mbio kisiachwe, kwa sababu ya triamsinoloni na ndugu zake, lakini tusikipe kipaumbele eti kwa kuwa ndicho kinachoonekana kwenye televisheni.

Daftari la damu

Jina lake rasmi ni pasipoti ya kibiolojia ya mwanariadha. Naiita daftari kwa sababu ndivyo inavyofanya kazi: haitafuti dawa, inatunza kumbukumbu za damu yako wewe, mwezi hadi mwezi, mwaka hadi mwaka. Riadha ilianza kuitumia mwaka 2009. Kinachoandikwa hasa ni kiasi cha hemoglobini na wingi wa chembe changa nyekundu. Mtu anapojidunga EPO chembe changa hupanda. Akiacha, mwili unaona damu imezidi na kusitisha uzalishaji, chembe changa zinashuka kupita kawaida huku hemoglobini ikiwa bado juu. Picha hiyo ikijitokeza, wataalamu watatu wanaisoma bila kuonyeshwa jina la mwenye damu, na lazima wote wakubaliane ndipo kesi iende mbele.

Abraham Kiptum alikimbia nusu marathoni Valencia kwa dakika 58:18 Oktoba 2018 na kuweka rekodi ya dunia. Daftari likamwangusha mwaka uliofuata na rekodi ikafutwa. Daniel Wanjiru, mshindi wa London 2017, aliangushwa na kurasa zake mwenyewe. Rhonex Kipruto, kijana wa miaka 20 aliyeweka rekodi ya kilomita 10 barabarani, dakika 26:24, Januari 2020, alifungiwa miaka sita mwaka 2024 na matokeo yake yakafutwa kurudi nyuma hadi Septemba 2018.

Kesi ya Kipruto ina uchungu ambao takwimu hazisemi. Kwenye mashindano ya dunia ya Doha 2019 alichukua shaba ya mita 10,000. Iliponyang'anywa, ilipaswa kwenda kwa aliyemaliza wa nne, Rodgers Kwemoi, naye Mkenya. Lakini Kwemoi alikuwa amekwisha kufungiwa miaka sita, kwa daftari vilevile. Shaba ikavuka mpaka kwenda kwa Andamlak Belihu wa Ethiopia, aliyevuka mstari wa tano usiku ule na kwenda kulala akiamini ameshindwa.

Huo ndio udhaifu wa daftari: linasema kweli, ila linachelewa. Linahitaji sampuli nyingi kabla halijapata la kusema, kisha wataalamu, kisha maelezo ya mwanariadha, kisha mawakili. Na mkimbiaji asiyejulikana, anayetokea kambini moja kwa moja kwenda kushinda mbio za mji wa mbali China au Ulaya, hana daftari lolote. Kurasa zake ni tupu.

Kuna wanaosema halifai kwa watu wa nyanda za juu, kwa sababu mtu akitoka Mombasa akapanda Iten, mita 2,400 juu ya bahari, damu yake hubadilika bila dawa. Ni kweli hubadilika, na ndiyo maana mwinuko huandikwa pamoja na kila sampuli, na ndiyo maana unalinganishwa na wewe mwenyewe, si na Mnorwe. Shida iliyokuwapo hasa ni ya usafiri. Damu ya daftari haivumilii joto wala kuchelewa, na zamani chupa ya Iten ililazimika kuruka hadi ng'ambo. Tangu 2018 Nairobi ina maabara iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo, na kwa maoni yangu hilo lilileta mabadiliko kuliko hotuba zote za mawaziri.

Mtu asinilazimishe kuchagua kati ya daftari na kipimo cha alfajiri kana kwamba ni wapinzani. Daftari ndilo linalomwambia afisa wiki hii akagonge mlango wa nani.

Upelelezi

Marion Jones, mkimbiaji wa mbio fupi wa Marekani, alipimwa miaka nenda miaka rudi na hakuna kipimo kilichowahi kuthibitishwa dhidi yake. Kilichomfikisha kwenye kukiri mwaka 2007, na kifungo cha miezi sita mwaka 2008 kwa kuwadanganya wapelelezi, kilianza na sindano. Kocha Trevor Graham aliipeleka kwa siri kwa shirika la Marekani la kupambana na pufya mwaka 2003 ikiwa na masalio ya dawa ambayo maabara zilikuwa hazijui kuitafuta. Pufya iliyoungwa mkono na serikali ya Urusi nayo haikufichuliwa na chupa. Ilifichuliwa na mume na mke, Vitaly na Yuliya Stepanov, waliozungumza na televisheni ya Ujerumani mwaka 2014.

Kwetu upelelezi umefaa hasa kwenye karatasi. Sumgong alijitetea kwa nyaraka za matibabu. Wachunguzi wakaenda kuuliza hospitalini na kukuta ni za uongo, na miaka yake minne ikawa minane. Kipyokei alileta stakabadhi za hospitali ambazo nazo hazikusimama, akapewa sita. Ukisoma hukumu hizi moja baada ya nyingine unaona kuna mtu wa tatu asiyetajwa: anayechapa barua, anayepiga muhuri, anayeuza sindano nyuma ya duka la dawa. Chupa ya mkojo haiwezi kumkamata huyo. Ni askari mpelelezi mwenye kibali cha mahakama na subira.

Kosa la kawaida ni kuifanya kazi hii ya msimu. Kashfa ikivuma, maduka yanavamiwa, kamera zinaitwa, wiki mbili baadaye kimya.

Miaka mingapi?

Hapa ndipo watu hupandisha sauti. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Kupambana na Pufya, WADA, lililoanzishwa 1999, ziliweka miaka miwili kwa kosa la kwanza, na tangu 2015 ikawa minne kwa anayedhamiria. Anayekiri mapema hupunguziwa mwaka mmoja. Chepngetich alisema alimeza dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani, na hatimaye akakubali kosa na kutoka na mitatu badala ya minne. Anayedanganya huongezewa, kama tulivyoona. Cherono alipewa saba.

Wanaotaka marufuku ya maisha kwa kosa la kwanza nawaelewa. Nilitaka hivyo mwenyewe siku ya habari za Sumgong. Ukimwona Justin Gatlin, aliyekwisha tumikia miaka minne, akishinda ubingwa wa dunia wa mita 100 mwaka 2017, moyo unakataa. Lakini weka kando hasira uhesabu. Mkimbiaji wa marathoni wa miaka 31 akifungiwa minne anarudi na 35, na wadhamini wamekwisha kumsahau. Kwa wengi minne na maisha ni kitu kimoja. Tena marufuku ya maisha haitofautishi vizuri aliyepanga wizi na aliyekunywa kirutubisho kilichochafuliwa, na mahakama hazipendi adhabu isiyotofautisha. Chama cha Olimpiki cha Uingereza kilikuwa na kanuni ya kuwazuia maisha waliokosa wasiende Olimpiki. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliifuta mwaka 2012.

Kinachomtisha mtu si urefu wa adhabu ambayo anaamini haitamfikia. Kijana anayelala wanne chumba kimoja, anayeona jirani aliyeshinda mbio moja Ulaya amejenga ghorofa, anapima uwezekano wa kunaswa. Ukiwa mdogo, hata ukimwahidi jela atajaribu.

Na jela? Hapa naona tofauti ambayo inasahauliwa. Kenya ilipitisha Sheria ya Kupambana na Pufya mwaka 2016, nayo inaweza kuwafikia madaktari, makocha na wauzaji. Marekani ilitunga sheria ya Rodchenkov Desemba 2020 kwa kuwalenga wanaopanga njama, si mwanariadha anayetumia. Wa kwanza kushtakiwa chini yake, Eric Lira, aliyempatia dawa Blessing Okagbare wa Nigeria, alihukumiwa miezi mitatu mwaka 2024. Miezi mitatu ni michache. Lakini aliyekaa kizimbani ni muuzaji, na hilo kwetu ni nadra mno. Sisi tuna orodha ndefu ya wakimbiaji waliofungiwa, zaidi ya mia moja, na orodha fupi ya kusikitisha ya waliowadunga.

Kwa hiyo kwenye adhabu chaguo langu ni hili: minne kwa mwanariadha ibaki, nyongeza kwa wanaoghushi iendelee bila huruma, na kifungo kielekezwe kwa anayeuza na anayedunga.

Kabla hatujaondoka kwenye adhabu, tukumbuke kwamba hukumu ina nguvu ikitolewa na asiye na maslahi. Lamine Diack, rais wa riadha ya dunia kuanzia 1999 hadi 2015, alihukumiwa na mahakama ya Paris mwaka 2020 kwa rushwa iliyohusu kuficha kesi za Warusi, miongoni mwao Liliya Shobukhova, mshindi wa Chicago mara tatu mfululizo, aliyelipa ili kesi yake ifukiwe. Waliokimbia nyuma yake walikuwa wakipigana na mwizi aliyekuwa na risiti. AIU iliundwa 2017 ili kuyatoa mambo haya mikononi mwa viongozi wa vyama, na nikiwekewa mbele kesi ya chama na kesi ya chombo huru, sina la kufikiria.

Kufungia nchi, au kukibana chama

Urusi ilisimamishwa riadhani Novemba 2015 na kurejeshwa Machi 2023. Kenya ilikaribia shimo hilo Novemba 2022, ikaponea baada ya serikali kuahidi dola milioni 25 kwa miaka mitano. Sioni faida ya kufungia nchi nzima pale ambapo serikali haikuendesha wizi wenyewe. Ungemzuia Edna na Kipyokei kwa kamba moja.

Kanuni ninayoipenda zaidi haina mbwembwe. Nchi zilizo kundi A, yaani zile zenye hatari kubwa zaidi ya pufya, Kenya ikiwamo, lazima kila mwanariadha wao awe amepimwa angalau mara tatu bila taarifa, nje ya mashindano, katika miezi kumi kabla ya mashindano makubwa. Hajapimwa, hakimbii. Tokyo 2020 Wanigeria kumi walizuiwa kwa sababu hiyo, wengine wakiwa wamekwisha fika Japani. Iliwaumiza wasio na hatia, na hilo siwezi kulipuuza. Lakini tazama ilivyougeuza mzigo: badala ya kumsubiri mwanariadha akosee, inakiuliza chama umefanya nini.

Shilingi mia moja zigawanywe vipi

Ningepewa shilingi mia, karibu sitini zingekwenda kwenye vipimo vya alfajiri, na si kwa majina makubwa. Nyota wanapimwa vya kutosha, AIU inawajua hadi jina la mbwa wao. Pengo liko daraja la pili: wale wa 2:10 hadi 2:14, wanaokwenda mbio ndogo za barabarani kila baada ya miezi miwili, wasio kwenye orodha yoyote, wasio na daftari. Humo ndimo wauzaji wanamofanyia biashara. Ishirini na tano ningeziweka kwa wapelelezi wa kudumu wenye kazi moja tu ya kufuatilia dawa, barua na pesa. Zinazobaki ziende kwenye damu: vibaridi vya kusafirishia, magari, wauguzi wa kuitoa vizuri. Kwa kurefusha marufuku nisingetoa hata senti, maana kurefusha marufuku hakugharimu kitu, na pengine ndiyo sababu wanasiasa hukukimbilia.

Kama wewe ni kocha wa kambi, chaguo lako ni dogo zaidi na liko mkononi. Mteue mtu wa kufuatilia fomu za wenzake. Piga marufuku sindano yoyote kambini isipokuwa ya daktari anayejulikana, na iandikwe. Mkimbiaji akienda hospitali, abaki na nakala ya kila alichopewa siku ile ile, si baada ya barua ya AIU kufika.

Na kama wewe ni mwandaaji wa mbio za kaunti au za mji, zenye zawadi ya laki kadhaa, usijisemee kwamba haya ni ya Boston. Mfikirie Buzunesh Deba wa Ethiopia. Alimaliza wa pili nyuma ya Jeptoo Boston 2014, na Jeptoo alipofutwa yeye ndiye akawa mshindi. Tofauti kati ya zawadi ya wa pili na ya mshindi, dola 75,000, hakuiona kwa miaka kumi. Mwaka 2024 mtu binafsi asiyehusika na mbio hizo, aliyesoma habari zake, ndiye aliyemlipa kutoka mfukoni mwake. Kwa hiyo kwenye mkataba wako andika mambo mawili, kwa Kiswahili na Kiingereza, na uyasome kwa sauti usiku wa kugawa namba: zawadi hailipwi mpaka majibu ya maabara yarudi, na majibu yakimwangusha wa kwanza, wa pili analipwa kama wa kwanza ndani ya siku thelathini.